Jioni Gari la Sinema Lilipotuletea Picha ya Wauaji

Jumapili, Julai. Singida Mjini.

Upepo wa leo ni ule wa kung'oa mabati. Umeanza alfajiri na haujapumzika. Nimevaa soksi mbili, kitenge juu ya sweta, na bado mifupa inalalamika. Ukiwa na umri wangu, Julai ya Singida unaipokea kama mgeni asiyeaga.

Mjukuu wangu Neema amekuja kunitembelea. Mchana nilimfungulia kompyuta nimwonyeshe mojawapo ya zile picha zangu za zamani za sinema, zile nyeusi na nyeupe, za wapelelezi na wauaji, watu wa kofia na makoti, mvua na taa za barabarani. Kwenye blogu hii nimeziandikia mara nyingi. Mimi naziita picha za giza.

"Bibi, hii haina rangi," akasema.

"Tulia kwanza."

"Mtu anapanda ngazi tu, Bibi. Tangu saa ile anapanda ngazi."

"Usimwangalie yeye. Angalia ukuta."

Akaangalia ukuta. Kivuli cha yule mtu kilikuwa kinapanda, na nyuma yake kilipanda kivuli kingine, wakati kwenye ngazi mtu alikuwa mmoja tu. Neema akasema kuna simu anatakiwa kupiga, akaenda sebuleni, na hajarudi.

Wasomaji mnaniuliza kila mara: Bibi, katika picha hizi za giza ipi inafaa tuanze nayo? Majina mtayapata kwa wanaojua kupanga majina. Mimi ninayo kanuni moja tu. Kama picha inakufanya umwogope mtu mbaya, iache, hiyo ni ya kawaida. Inayostahili kutazamwa ni ile inayokufanya umwogope mtu mwema.

Nilijifunza hilo kwenye picha ya kwanza ya namna hii niliyoitazama maishani. Sijawahi kuisimulia hapa. Leo mkono unataka wenyewe.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa msichana mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na kijiji chetu kilikuwa kipya kabisa, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Issuna. Tulihamishiwa pale mwaka uliotangulia. Watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila mtu na tembe lake na mashamba yake, sasa tulipangwa kwa mistari kama mahindi. Ukikohoa, jirani anakuambia pole.

Nyuma yetu yalibaki mahame. Matembe matupu, mapaa ya udongo yakiporomoka taratibu, na makaburi ya wazee wetu ambao, walivyosema watu kwa sauti ya chini, hakuna aliyewaambia kwamba tumehama.

Nilikuwa nakaa kwa mama yangu mdogo, Raheli, mdogo wake mama yangu. Mumewe, Yona, alikuwa amepotea kabla ya kuhama. Alikwenda na mdogo wake, Elia, kupeleka ng'ombe mnadani Itigi, kule relini. Elia akarudi peke yake. Alisema simba alimchukua Yona kwenye vichaka vya Itigi, usiku, na asubuhi hakuona hata kipande cha nguo.

Hakuna aliyeuliza zaidi. Asiye wa kwetu huenda asielewe. Singida neno simba lina uzito wake. Wazee wetu walikulia katika hofu ya simba wasio simba, watu waliovaa ngozi na kucha na kuua jirani zao, na mchana wanakuja kukupa pole ya msiba. Ukisema simba, midomo inajifunga. Hakuna anayetaka kujua ni simba wa aina gani.

Raheli hakulia kama wajane wanavyolia. Shida yake ilikuwa nyingine. Tulipohamishwa aliniuliza, tena si kwa mzaha, "Sasa akirudi atatukuta wapi?"

Kila baada ya siku chache alikuwa anarudi kule kwenye hame lake na ufagio. Anafagia uwanja wa nyumba isiyo na mtu, kisha anarudi kijijini kupika.

Na Elia? Elia alikuwa mtu mwema. Ninaandika hivyo bila kejeli. Alimlimia Raheli shamba lake kabla ya kulima la kwake. Alimletea kuni. Kanisani alikaa mbele, na zamu za shamba la kijiji hakukosa hata moja. Mkewe alikuwa amefariki kwa uzazi zamani, hakuoa tena. Wazee wa ukoo wakaona jambo limejipanga lenyewe: mavuno yakiisha, matanga ya Yona yamalizwe, na Raheli arithiwe na shemeji yake. Mchungaji alinung'unika kidogo, wazee wakashikilia.

Raheli alikubali. Aliniambia, "Ni mtu mzuri. Nimechoka kusubiri mlango ugongwe."

Ndipo likaja gari la sinema.

Lilikuwa gari la serikali, rangi ya kijivu kwa vumbi, likizunguka vijijini na jenereta yake na kitambaa kikubwa cheupe. Kwa kawaida tulionyeshwa namna ya kupanda karanga kwa mistari, namna ya kuchimba choo, na viongozi wakikagua mashamba. Aliyekuwa akitafsiri kwa kipaza sauti alikuwa ameugua njiani, amebaki Manyoni. Opereta, mtu mrefu wa Dodoma mwenye miwani myeusi, akaulizia nani hapa anajua Kiingereza. Wakanionyesha mimi.

Jua lilipozama tulianza. Karanga zikapandwa, vyoo vikachimbwa, watu wakapiga makofi. Baridi ilikuwa kali, watoto wamefunikwa mablanketi, upepo unakipiga kile kitambaa mpaka wakulima wa kwenye picha wakawa wanapinda kama miti. Picha za kazi zilipokwisha watu hawakuondoka.

Opereta akaniinamia. "Mwalimu, ninayo nyingine moja. Sijui iliingiaje kwenye gari. Si ya kilimo."

"Ni ya nini?"

"Ya wauaji. Maneno yake ni ya haraka. Utaweza?"

Nikasema nitajaribu.

Sijui hata leo jina la ile picha. Mwanzo wake ulikuwa umekatika, tukaingia katikati ya mambo. Mji wa mvua. Mtu mwenye kofia iliyofunika macho. Nyumba yenye mapazia yanayotupa mistari ya giza ukutani, kama vyuma vya jela. Nilijitahidi. Nilianza kwa Kiswahili, wazee wakanipigia kelele kwamba hawaelewi, nikahamia Kinyaturu. Sikuwa nashika hata nusu ya maneno. Nilishika vipande na kuviunga.

Lakini kijiji kizima kilikuwa kimenyamaza. Waliona watu wa mbali, wazungu, mvua ambayo sisi tungeiombea miezi, na bado waliijua ile hadithi. Mtu anayetabasamu mchana. Jirani anayekupa pole. Mzee mmoja jirani yangu alisema taratibu, "Kumbe na kwao wapo."

Ikafika sehemu ambayo yule mtu wa kofia anaingia nyumbani kwa mwanamke. Walikuwa wametoka wawili, amerudi mmoja. Mwanamke yuko kwenye kiti, hajageuka, amempa mgongo. Anamuuliza jambo. Nikalitia kwenye kipaza sauti, kwa lugha ya kwetu:

"Umerudi peke yako. Mwenzako umemwacha wapi?"

Wakati ule ule mtu akakatiza mbele ya mashine ya picha.

Alikuwa amechelewa kuja, anatafuta pa kukaa, hakujua kwamba ule mwanga hauvukwi. Ulimpiga usoni akasimama, amepofuka. Kivuli chake kikaruka kwenye kitambaa, kikubwa kuliko nyumba, kikamfunika yule mtu wa kofia mzima mzima. Kilikuwa kivuli cha mtu aliyevaa koti refu, kola imesimama, na mkanda wa nyuma umefunguka upande mmoja, unaning'inia na kuchezacheza kwa upepo.

Watu wote waligeuka kumtazama. Sauti yangu ilikuwa bado inatoka kwenye spika juu ya gari, inarudi kutoka kwenye nyumba. Umemwacha wapi. Na yule mtu, katikati ya mwanga, akajibu.

"Alichoka," akasema. "Alisema atanifuata."

Kijiji kikaangua kicheko. Walidhani anatania, anamjibia yule wa kwenye picha. Wakampigia makofi. Mtu akamvuta kando, kivuli kikaondoka, na picha ikaendelea.

Alikuwa Elia.

Raheli hakucheka. Alikuwa amekaa chini, karibu na miguu yangu. Aliushika mguu wangu juu kidogo ya kifundo na kuubana, na hakuuachia mpaka jenereta ilipozimwa. Sikumbuki nilitafsiri nini baada ya pale. Sikumbuki ile picha iliishaje. Nimetazama mamia tangu wakati huo na sijaiona tena, na Kiingereza changu kilipokomaa nikaanza kujiuliza kama yule mwanamke kwenye kiti aliuliza vile kweli. Labda alisema tu funga mlango. Labda aliulizia mvua.

Maneno niliyoyatoa yalitoka wapi, sijui.

Tulirudi nyumbani. Raheli alifunga mlango, akakaa kitandani, akasema, "Umeliona koti?"

"Nimeona kivuli."

"Ule mkanda niliushona mimi. Ulikuwa haukai, kila mara unafunguka upande ule. Nilimwambia Yona akirudi nitautia kifungo kikubwa."

Lilikuwa koti la reli, zito, Yona alilipata zamani alipofanya kibarua relini. Aliondoka nalo. Elia alikuwa amesema hakuona hata uzi.

Asubuhi Raheli alivaa kanga yake ya kanisani, akaniambia, "Twende, usiniache peke yangu."

Tulimkuta Elia uani kwake, anafunga kamba mpya kwenye nira ya ng'ombe. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia marahaba, akatutolea vigoda. Raheli hakukaa.

"Shemeji, jana usiku ulivaa koti."

Mikono yake ikasimama juu ya kamba. Hakukana. Nimeona watu wengi tangu siku ile, kwenye picha na nje ya picha, wakibanwa na ukweli, na wengi hukasirika kwanza. Elia alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani na shingo yake haijazoea.

"Nilidhani gizani koti ni koti tu," akasema.

Kisha akatuambia, taratibu, anaiambia ile kamba.

Waliuza ng'ombe salama. Wakati wa kurudi, ndani ya vichaka, Yona alishikwa na homa. Siku ya kwanza alitembea. Siku ya pili Elia alimbeba, akamtua, akambeba tena. Jua likawa linashuka. Vile vichaka vya Itigi ukiingia unatembea kama ndani ya gunia, huoni mbele wala nyuma. Akasikia mngurumo. Au alidhani amesikia, alikiri hajui. Akamkalisha Yona chini ya mti, akamwekea kibuyu cha maji mapajani.

"Aliniambia nitangulie. Alisema amechoka, atanifuata."

"Na koti?" Raheli akauliza.

"Alikuwa analitupa. Homa ilikuwa inamuunguza. Alilitupa, nikalivaa."

"Na homa ilipopoa usiku?"

Elia akaizungusha kamba kwenye nira.

"Alikuwa hai," Raheli akasema.

"Alikuwa hai, shemeji."

"Kwa nini hukurudi asubuhi?"

"Asubuhi niliogopa kumkuta amekufa." Akaiweka kamba chini. "Baadaye nikaogopa kumkuta hai."

Kulikuwa na kuku wanaparura pale uani. Nawakumbuka vizuri kuliko ninavyokumbuka uso wangu mwenyewe wa wakati ule. Raheli alisogea akasimama karibu naye sana, na nikadhani atampiga.

"Alikuita?"

"Aliniita."

"Ulimsikia mpaka wapi?"

Ndipo Elia akainua macho kwa mara ya kwanza. "Bado ananiita," akasema. "Jua likizama."

Raheli alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa mtu wa vitendo. Hakupiga kelele, hakuruhusu vijana wamguse Elia. Alichagua wanaume wachache, akaamua waende na Elia mwenyewe awaonyeshe mahali. Raheli akasema naye anakwenda. Walimkatalia. Akatangulia njiani, wakamfuata. Mimi nilikwenda kwa sababu yake.

Sitaeleza safari yote. Tulilala njiani, tukaingia vichakani mchana kweupe, na mchana kweupe mle ndani ni kama jioni. Hakuna ndege aliyelia. Elia alitembea mbele bila kusita hata mara moja, hakuangalia alama yoyote. Alikuwa kama mtu anayekwenda chumbani kwake.

Tukafika kwenye mti. Kibuyu kilikuwepo, kimepasuka, kimejaa mchwa. Yona hakuwepo.

Wanaume walitawanyika, wakatafuta, wakaita, kana kwamba kulikuwa na wa kuitika. Hapakuwa na mfupa. Mmoja akasema basi ni simba kweli, jamani, turudi. Nilimwona Elia anamtazama yule mtu kwa shukrani ambayo siwezi kuisahau. Kwa kitambo kidogo alipewa uongo wake tena, na alikuwa tayari kuupokea.

Tukageuka kurudi.

Tulikuwa tumeshatembea kiasi cha kutosha kuchoka, mti ule umebaki mbali nyuma, Raheli alipojitenga na njia bila kusema kitu. Nilidhani anajisaidia. Nikamsikia anaita jina langu, kwa sauti ya kawaida tu, kama ananiita nimshikie kikapu.

Yona alikuwa amelala kifudifudi, kichwa kikielekea kwetu. Yaani kuelekea nyumbani. Bangili ya shaba ilikuwa bado iko kwenye mfupa wa mkono, na mkono ulikuwa umenyooshwa mbele. Nyuma yake, kila hapa na pale kati ya miti, tulipotafuta vizuri, tuliona vitu vyake. Kiatu. Kisha mbele kidogo kiatu cha pili. Kitambaa cha kichwa.

Hakuna simba aliyemgusa. Alikuwa ametambaa.

Elia alipoona alikaa chini na kuziba masikio. Hakuziba macho. Masikio.

Raheli hakumtazama. Alikusanya mifupa ya mumewe ndani ya kanga yake ya kanisani, polepole, akiitaja kila anapoiweka, kama mama anayevua mtoto nguo kabla ya kumwogesha. Mwanaume mmoja alitaka kumsaidia akamwambia, "Acha. Huyu ni wangu."

Tulimzika Yona. Hapo palikuwa na ubishi: azikwe kijijini au kule kwenye hame? Raheli aliamua. Azikwe kijijini, nyuma ya nyumba, ili ajue tulipo. Ufagio wake haukwenda tena kule.

Elia alipelekwa polisi Singida Mjini, akakaa huko muda fulani, akarudi. Walimwambia nini sijui. Mtu anafungwa kwa kuua, kwa kuiba, kwa kupiga. Kwa kuogopa anafungwa vipi?

Na wakati ule mtu hakuhamahama ovyo. Akapewa tena nyumba yake ile ile, ya mwisho kwenye mstari wetu. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemkaribisha. Zamu za shamba alikuja, akalima pembeni.

Ila jua lilipozama.

Nitaandika hili kama nilivyolisikia kwa masikio yangu, siongezi. Kila siku jua likizama, mistari ile ya nyumba ikianza kuwa bluu, moshi wa jikoni umelala chini, Elia alitoka nje akasimama mwisho wa kijiji, akaelekea upande wa vichaka. Alisimama kama mtu anayesikiliza. Halafu akaitika.

"Naam, kaka!"

Akatega sikio tena.

"Naja, kaka! Naja!"

Hakwenda popote. Alisimama pale mpaka giza linammeza, kisha akaingia ndani. Kina mama waliwaita watoto wao kabla ya saa ile. Milango ikafungwa mapema. Mbwa, hili nalikumbuka, hawakumbwekea. Waligeukia upande ule ule anaoutazama yeye, wakasimamisha masikio.

Miaka ikapita hivyo. Mimi nilihamishiwa shule nyingine, nikaolewa, nikawa nakuja likizo tu. Raheli hakuolewa tena wala kurithiwa. Wazee walijaribu kumleta mtu mwingine wa ukoo, akawaambia shamba analilima mwenyewe na usiku analala mwenyewe, na anashukuru kwa vyote viwili.

Likizo moja nilifika nikakuta nyumba yake imefungwa. Jirani akaninyooshea kidole: yuko kule mwisho. Kwa Elia.

Elia alikuwa amelala, amebaki ngozi. Ugonjwa wa kifua. Raheli alikuwa anampa uji kwa kijiko. Alimfulia, akamgeuza, akamfuta. Nilisimama mlangoni nikiwa na hasira ambayo hata sikujua ninayo.

Nilimvuta nje. "Mama mdogo, huyu ndiye wa kumfanyia hivi?"

"Ndugu zake wamekataa kuja."

"Wana sababu."

Akanitazama kwa upole, na upole wake uliniumiza. "Nikimwacha," akasema, "tutakuwa wawili tuliomwacha mtu."

Nikaenda kuchota maji.

Alikufa siku ya tatu ya likizo yangu, mchana, jua likiwa bado juu. Nilikuwepo. Alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi, kisha akafungua macho akamtafuta Raheli.

"Shemeji. Unamsikia?"

Raheli aliinama karibu. Alisikiliza kwanza, kweli alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande. Halafu akasema, "Hapana, shemeji. Amenyamaza. Lala sasa."

Uso wa Elia ulilegea wote. Sijapata kuona uso wa mtu unafunguka vile, si kwenye picha, si katika maisha. Alilala. Hakuamka.

Tulitoka nje Raheli na mimi, tukakaa kwenye gogo kusubiri wanaume waje. Nilimshika mkono. Nilimwambia kitu kizuri sana amekifanya, kumpa yule mtu amani mwishoni.

"Nimemwongopea," akasema.

"Najua. Wala Mungu hatakuuliza kwa hilo."

"Hujui." Alikuwa anatazama upande wa vichaka, mchana ule, jua kali, hakuna hata jani linalotikisika. "Mimi namsikia. Tangu siku ile kule vichakani, kabla hata sijamwona. Unadhani nilijuaje kutoka kwenye njia?"

Nilimuuliza anasema nini.

"Hasemi kitu. Ananiita tu jina, kama mtu aliyefika mlangoni na mikono imejaa."

Wanaume wakafika, akainuka kwenda kuwapokea. Hakulizungumza tena mpaka alipofariki yeye mwenyewe, mzee, usingizini. Sikumuuliza kama alikuwa anaitika. Nilikuwa na miaka mingi ya kumuuliza na sikumuuliza.

Neema ameniletea chai. Anasema amesikia kimya kirefu akadhani nimelala. Nimemwambia naandika. Ameniuliza, "Ile picha iliishaje, Bibi? Yule wa pili kwenye ngazi alikuwa nani?" Nimemwambia tukaitazame wote ajue mwenyewe. Amesema labda asubuhi, jua likiwa limetoka.

Mtoto ana akili.

Leo nalala na taa inawaka, sioni aibu. Asubuhi nitajifanya jasiri tena.